Tina Brooks: santuri mbili, anza na hii

Kama una hela ya santuri moja tu ya Tina Brooks, chukua The Waiting Game. Najua wapenzi wengi wa jazz watakuelekeza kwenye True Blue, na muuzaji atakusukumia Minor Move kwa sababu ya majina makubwa yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Wasikilize, washukuru, kisha chukua The Waiting Game.

Kwa asiyemfahamu: huyu ni mwanaume, Harold Floyd Brooks, aliyezaliwa Fayetteville, North Carolina, mwaka 1932. Tina ni jina la utotoni lililomganda mpaka mwisho. Alipuliza saksafoni ya tenori, kama kaka yake Bubba, na kabla ya jazz alitafuta riziki kwenye bendi za rhythm and blues, akipiga nyuma ya watu kama Amos Milburn na Charles Brown. Mwaka 1955 alikuwa kwenye bendi ya Lionel Hampton. Kati ya 1958 na 1961 kampuni ya Blue Note ya New York ilirekodi kazi zake mwenyewe za kutosha santuri nne. Ikatoka moja, True Blue ya 1960. Nyingine zikawekwa kabatini. Back to the Tracks ilikuwa imeshapewa namba ya katalogi, 4052, na bado haikutoka. Heroini ilikuwa imemshika, afya ikaporomoka, na baada ya 1961 hakurudi tena studio kama kiongozi. Alifariki New York Agosti 1974 akiwa na miaka 42, na santuri yenye jina lake mbele ilikuwa hiyo moja.

Aliyezitoa kabatini ni Michael Cuscuna, mtu aliyeanza kupekua maghala ya Blue Note miaka ya sabini. Minor Move ilitoka kwanza Japani mwaka 1980. Mwaka 1985 kampuni yake ya Mosaic ikazifunga kazi zote nne kwenye sanduku moja la santuri 4, ambalo leo ukilikuta sokoni utaulizwa hela ya pikipiki. Ndiyo maana Tone Poet, mfululizo wa santuri za zamani zinazotolewa upya, ulioanzishwa na Blue Note mwaka 2019, umetuokoa watu wa kipato cha kawaida. Anayeusimamia ni Joe Harley. Kevin Gray anachonga santuri moja kwa moja kutoka kwenye tepu za awali bila kupitia kompyuta, zinachapwa kwenye kiwanda cha RTI huko California, gramu 180, na jalada ni la karatasi nzito linalofunguka katikati, ndani kuna picha za Francis Wolff alizopiga siku yenyewe ya kurekodi. Minor Move ilitoka mwaka huohuo wa kwanza, The Waiting Game ikafuata baadaye. Ninazo zote mbili.

Niseme nasikiliza kwa sikio gani. Mimi napuliza saksafoni ya tenori kwenye bendi ya dansi hapa Dar, safu ya nyuma, karibu na tarumbeta. Kazi yetu kubwa ni kumjibu mwimbaji na kuipandisha sebene ikishawaka. Ukipewa nafasi ya kupiga peke yako ni raundi mbili, tatu kiongozi akiwa amefurahi, halafu unarudi mstarini. Kwa hiyo mtu anayepewa dakika nzima nzima za kusema peke yake namsikiliza kwa wivu kidogo, na kwa ukali pia: je, ana la kusema, au anajaza nafasi?

Brooks ana la kusema, na anajua kulisubirisha. Hafungui kwa makelele. Sauti yake ni nyembamba kuliko ya wapuliza tenori wengi wa wakati ule, haina kifua cha Coleman Hawkins wala msuli wa Sonny Rollins, ila ina machozi fulani, kitu cha bluzi alichotoka nacho kwenye zile bendi za zamani. Anaanza sentensi nyuma kidogo ya mdundo, anairefusha, unadhani imeisha, anaunganisha nyingine juu yake. Ukijaribu kupuliza naye utagundua hujui anavuta pumzi wapi. Nimejaribu. Mke wangu aliomba nifunge mlango.

Minor Move ilirekodiwa Machi 16, 1958, huko Hackensack, New Jersey, sebuleni kwa wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder. Kikosi chake kinatisha: Lee Morgan kwenye tarumbeta, akiwa na miaka 19, Sonny Clark kwenye piano, Doug Watkins kwenye besi, Art Blakey kwenye dramu. Ilipotoka Japani mwaka 1980, kati ya wote watano aliyekuwa hai ni Blakey peke yake.

Na Blakey huyo ndiye utamu na udhia wa santuri hii. Kwenye Nutville, wimbo wa Brooks unaofungua upande wa kwanza, anamsukuma kijana wa watu kama konda anayejaza daladala Mwenge saa kumi na mbili jioni. Ni raha kusikiliza, miguu haitulii. Lakini Brooks alikuwa ndiyo kwanza anapewa santuri yake mwenyewe, na kuna mahali unamsikia anatafuta upenyo wa kuingiza neno. Morgan, mdogo kwake kwa miaka sita, hana shida hiyo hata chembe. Yeye anapenda kelele zile, anazipanda. Ukiniuliza ni santuri ya nani, kwenye upande wa kwanza nitasita kujibu.

Jibu linakuja mwisho wa upande wa pili, kwenye Everything Happens to Me. Wimbo wa taratibu, Blakey ametulia, na hapo Brooks yuko mbele. Weka sindano hapo usikilize noti zake ndefu zinavyoisha: hakati, anaiachia pumzi mpaka noti inabaki hewa tupu. Kwenye nakala ya kidijitali niliyokuwa nayo zamani mwisho ule ulikuwa unapotea. Hapa upo, unasikia kabisa hewa inatoka na sauti haipo tena, na Clark anaweka kodi moja ya piano, yaani noti kadhaa kwa pamoja, chini yake kwa adabu. Kwa sisi wapuliza, sekunde hizo peke yake zinalipa nusu ya bei.

Sasa The Waiting Game. Machi 2, 1961. Van Gelder ameshahamia kwenye studio yake mpya ya Englewood Cliffs, yenye dari refu la mbao, na tofauti unaisikia kabla hujahesabu hadi kumi. Kule Hackensack wanamuziki wako karibu na uso wako. Huku kuna nafasi kati ya chombo na chombo, matoazi ya mpiga dramu Philly Joe Jones yanalia na kufifia bila kumfunika mtu. Mashine yangu ni mtumba wa Kijapani na spika za mbao za zamani, si vitu vya kujivunia, na bado tofauti hiyo inasikika hadi jikoni.

Tarumbeta ni Johnny Coles, piano Kenny Drew, besi Wilbur Ware. Majina haya hayauzi kama ya Minor Move, na hilo ndilo lililomfaa Brooks. Coles hapendi kupiga kelele. Anapiga noti chache, zenye kona, kama zinazouliza swali, halafu anamwachia mwenzake nafasi. Ware, aliyekuwa na mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1957, ndiye ninayemrudia zaidi. Wapiga besi wengi wa enzi ile wanatembea bila kusimama. Yeye anaruka pigo, anarudia noti ileile, anasubiri, na ule mlio wa mbao kwenye santuri hii ni mzito na mkavu kiasi kwamba mpiga besi wa bendi yetu, aliyezoea gitaa la umeme, alikaa kimya upande mzima wa kwanza. Kwake yeye hiyo ni rekodi.

Nyimbo ni sita, tano za Brooks mwenyewe. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. True Blue watu wanaipenda kwa haki, mpiga tarumbeta Freddie Hubbard anawaka moto mle ndani, ila Brooks mtunzi ninamwona vizuri zaidi huku. Sikiliza David the King. Melodia unaweza kuiimba baada ya kuisikia mara moja, na chini yake kuna huzuni ambayo haiombi huruma. Talkin' About inakupa kanisa na baa kwa pamoja. Hata Stranger in Paradise, ambao si wake na una melodia iliyochotwa kwa Borodin, mtunzi wa Kirusi, anaupitisha mikononi mwake hadi unasahau asili yake ni jukwaa la maigizo. Anapiga bila haraka ya kuthibitisha kitu, na waliomzunguka wanampisha.

Kasoro zipo. Kwanza bei: Marekani kila moja inakaribia dola 40, na hapo bado posta na ushuru. Kwangu gharama za njiani zilikaribia bei ya santuri yenyewe, na jalada la Minor Move lilifika kona imebonyea. Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba santuri yenyewe haina mkwaruzo. Kweli haina. Agizeni watu watatu wanne kwenye boksi moja, mtagawana maumivu. Pili, mikono ya haraka ijihadhari: kuna kopi za bei nafuu kutoka Ulaya za wasanii wa enzi hii ambazo jalada halisemi zimechongwa kutoka tepu ipi. Kama hakuna jina la aliyechonga, rudisha mahali ulipoichukua.

Kama huna mashine ya santuri, usinunue mashine kwa ajili ya mtu mmoja. Nyimbo zenyewe zinapatikana kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni na zinasikika vizuri, mradi usizisikilize kwa spika ya simu, maana Ware atatoweka kabisa. Anza na David the King. Ukishamzoea, mfuate alipokuwa mgeni wa wengine: The Sermon ya mpiga ogani Jimmy Smith, dakika zaidi ya ishirini za bluzi moja iliyorekodiwa Februari 1958, chini ya mwezi mmoja kabla ya Minor Move, na Shades of Redd ya mpiga piano Freddie Redd, ambamo anapuliza bega kwa bega na mpuliza saksafoni mwenzake Jackie McLean. Hiyo ya Redd ndiyo naitafuta sasa. Mwenye nakala safi na bei ya kibinadamu anitafute, nitakuja na pesa taslimu, hata kama ni Bagamoyo.