Nilimzuia bosi wangu wa zamani LinkedIn, na ushuhuda wake ukaondoka naye

Niko LinkedIn tangu 2018, mwaka niliomaliza chuo, na kwa miaka sita sikuwahi kugusa sehemu ya kuzuia watu. Niliona hiyo ni habari ya Facebook na Instagram, kule ambako mtu usiyemjua anaweza kukuandikia upuuzi saa saba usiku. LinkedIn ni ya kazi. Watu wanaingia kwa majina yao kamili, wamepiga picha na koti, cheo kimeandikwa, mwajiri ameandikwa. Nilijiuliza ni nani angethubutu kufanya ujinga huku jina la ofisi yake liko pembeni.

Aliyethubutu ni bosi wangu wa zamani. Simtaji yeye wala ofisi, lakini nataka kueleza nilichopitia na jinsi kitufe cha kuzuia kinavyofanya kazi, kwa sababu nilipohitaji maelezo haya kwa Kiswahili sikuyapata.

Mimi ni mhasibu, naishi Dar es Salaam. Tulipokuwa ofisi moja, yule bwana aliniita "mdogo wangu", kama alivyowaita vijana wote wa idara ya fedha. Nilipoondoka Machi 2022 aliniandikia ushuhuda mzuri kwenye ukurasa wangu, mistari saba kuhusu nilivyofunga hesabu za mwaka kwa wakati na wakaguzi wa nje wakaondoka bila hoja nzito. Kila neno lilikuwa kweli. Kwenye usaili wa kazi niliyo nayo sasa, mmoja wa waliokaa mezani aliutaja ushuhuda huo kabla hata sijajieleza.

Mwaka 2023 "mdogo wangu" ikawa "binti", na "binti" ikawa "mrembo". Ilianza na hongera ya kazi mpya. Wiki mbili baadaye akaisifu picha yangu. Nilipoibadilisha, akaandika kwamba ya zamani ilikuwa nzuri zaidi kwa sababu nywele nilikuwa nimeziachia. Nikijibu "asante bosi", anauliza mbona majibu mafupi. Nisipojibu, anakwenda kwenye posti yangu na kuandika mbele za watu, "Siku hizi umekuwa mkubwa, hata salamu hupokei." Watu wanaweka emoji za kucheka, kwa sababu wao wanaona utani wa bosi na mfanyakazi wake wa zamani. Hawaoni meseji ishirini zilizotangulia.

Nikaacha kuandika. Januari 2024 matokeo ya CPA, mitihani ya juu ya taaluma ya uhasibu, yakatoka, nimefaulu, na sikuyaweka popote. Ukiijua mitihani ile utaelewa maana yake. Miaka ya kusoma usiku baada ya kazi, halafu unafaulu na unakaa kimya kwa kuogopa atakachoandika mtu mmoja.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeuliza mbona sijatangaza. Nikampa simu asome. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Huyu usimjibu tena, mdogo wangu. Mfungie."

Kusema ni rahisi. Huyu ni mtu niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa karibu miaka minne, na ndiye aliyenifundisha kuandaa taarifa ya mtiririko wa fedha. Kumpiga bloku mtu wa umri ule nilikuona ni utovu wa adabu, wakati adabu aliivunja yeye. Kwa hiyo nikaanza kwa hatua ndogo ndogo, na nazieleza kwa sababu wengi tunaanzia hapo hapo.

Kwanza nikaacha kumfuatilia. Hiyo inaondoa posti zake kwenye ukurasa wako wa mwanzo, basi. Yeye anaendelea kukuona na kukuandikia kama kawaida. Kisha nikawaza kumwondoa kwenye orodha ya niliounganishwa nao. LinkedIn haimwarifu mtu kwamba ameondolewa, lakini wasifu wangu ungebaki wazi kwake. Baada ya siku tatu, nikiwa bado nawaza, ikaja meseji yake: "Mbona posti zangu siku hizi huzigusi?" Hapo nikaona kwamba kila mlango nusu wazi ataingilia.

Nikafungua maelezo ya msaada ya LinkedIn na kusoma kuhusu kuzuia. Ukimzuia mtu, hamuoni tena wasifu wa mwenzenu, hamwezi kuandikiana, na kama mlikuwa mmeunganishwa, muunganisho unakatika. Mtandao unaacha kumpendekeza yeye kwako na wewe kwake. Haimpelekei taarifa. Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia: ushuhuda aliokuandikia na tiki alizokupa za kuthibitisha ujuzi wako vinaondolewa.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Mistari saba ile ilikuwa mali yangu kwa namna fulani, niliitolea jasho. Nikawaza kuvumilia mpaka nipate mtu mwingine wa kuniandikia. Nikawaza pia kuzima meseji tu. Siku ya nne, nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, ikaingia meseji yake nyingine, na nikagundua kwamba mkono umeshaanza kutetemeka kabla sijaisoma. Nikasema mistari saba iende.

Sasa jinsi nilivyofanya. Kwanza nilipiga skrinishoti za mazungumzo yote, tarehe zikionekana, nikazihifadhi nje ya simu. LinkedIn pia inakuruhusu kuomba nakala ya data zako kupitia mipangilio, zikiwemo meseji, nami niliomba. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 23 kinachohusu kumwonea mtu kwa njia ya mtandao, na siku ukihitaji kwenda polisi, utaulizwa ushahidi. Sikufika huko, lakini faili lipo.

Pili, na hili wengi wanalisahau, nikabadilisha namna ninavyoonekana ninapotembelea kurasa za watu. Kwa kawaida ukifungua wasifu wa mtu, anaweza kuona kwamba umepita. Ili kumzuia mimi nilipitia kwenye ukurasa wake, na sikutaka apate taarifa kwamba nimekuja kumtazama saa tano usiku. Kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano, kuna hali ya faragha. Ukiiwasha, anaonyeshwa mwanachama asiye na jina. Kwa akaunti ya bure, gharama yake ni kwamba nawe huoni waliokutembelea wakati hali hiyo imewashwa. Nilikubali bila kufikiri.

Kisha nikaenda kwenye wasifu wake, nikabonyeza nukta tatu karibu na jina, nikachagua kuripoti au kuzuia, nikachagua kuzuia, nikathibitisha. Haikumaliza dakika moja. Kitu nilichokiogopa mwaka mzima hakikufika dakika moja.

Asubuhi yake niliamka nikafungua ukurasa wangu. Sehemu ya ushuhuda ilikuwa tupu. Nilitarajia kusikitika na nilisikitika kidogo, lakini baadaye nikaona utaratibu huo una akili. Ushuhuda wake ungebaki, jina na picha yake vingebaki juu ya ukurasa wangu, na kila mwajiri angebonyeza kwenda kwake na pengine kumpigia simu kuulizia habari zangu. Nisingekuwa nimemfungia. Ningekuwa nimembandika ukutani.

Jioni ile ile akaja WhatsApp. Nilisahau kabisa kwamba namba yangu anayo. Kuzuia kwa LinkedIn kunaishia LinkedIn, kwa hiyo ukiamua, pitia siku hiyo hiyo kila mahali mnakokutana, WhatsApp, Instagram, hata barua pepe. Mimi nilimwacha akaandika "Kulikoni?" kisha nikamfungia na huko bila kujibu.

Kuna mianya mingine ya kujua. Wasifu wako una sura ya nje, ile inayoonekana na mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti yoyote au anayekutafuta Google. Aliyezuiwa anaweza kutoka kwenye akaunti yake akaitazama. Unaweza kuizima yote au kupunguza kinachoonekana. Mimi nahitaji kupatikana na waajiri, kwa hiyo niliacha jina na cheo, na picha nikaifungia kwa watu niliounganishwa nao peke yao. Niliificha pia orodha ya watu hao, na nikazima ile hali ya kutangaza mabadiliko ya kazi.

Mwanya wa pili ni akaunti mpya. Wiki ya tatu likaja ombi kutoka kwa mtu asiye na picha, ana watu watatu tu kwenye mtandao wake, na maneno yake yalikuwa "za siku nyingi mrembo". Sitasema ni nani kwa sababu siwezi kuthibitisha. Nilimzuia huyo naye, halafu nikaingia kwenye mipangilio ya maombi na kuchagua kwamba wanaoweza kuniomba ni wale wanaoijua barua pepe yangu au walio kwenye anwani nilizopakia. Kwa miezi miwili niliishi hivyo. Ni kama kukaa na geti limefungwa mchana, wageni wazuri nao wanashindwa kuingia, kwa hiyo baadaye nililegeza. Meseji za InMail, zile za kulipia zinazotoka kwa usiowajua, nazo zina swichi yake.

Tahadhari moja kwa wenye huruma. Mfanyakazi mwenzangu alimzuia mtu, akamwonea huruma, akamfungulia. Mtu huyo akarudi na maneno yale yale, na mwenzangu akataka kumzuia tena papo hapo. Haikuwezekana. Ukimfungulia mtu, lazima zipite saa 48 kabla ya kumzuia upya. Na muunganisho wenu haurudi wenyewe kwa kumfungulia, mnaanza kuombana upya.

Wengine niliowazuia tangu hapo hawana hadithi ndefu. Kuna wa forex, kuna "afisa ajira" wa kampuni ya Ghuba aliyetaka ada ya usajili kwa simu kabla ya usaili. Hao naripoti kwanza, halafu nazuia, ili akaunti ichunguzwe na asiwaendee wengine. Usipoteze muda kubishana nao.

Nilipokuwa nasoma mambo haya nilikuta kwamba LinkedIn, iliyofunguliwa 2003, ilileta uwezo wa mwanachama kumzuia mwanachama mwenzake Februari 2014 tu. Miaka kumi na zaidi kitufe hiki hakikuwepo. Watumiaji waliokuwa wakiandamwa, wakiwemo wanawake, walidai kiwekwe, na ombi la kukusanya saini lilizungushwa Marekani. Nawashukuru sana watu wale. Nilipobonyeza usiku ule nilikuwa natumia kitu ambacho mtu mwingine alikihitaji akakikosa.

Ushuhuda mpya niliupata Septemba. Nilimpigia simu mama mmoja aliyekuwa mkaguzi wa ndani katika ofisi ile ile, sasa amestaafu. Nilimwamkia, nikamweleza ninachohitaji, sikumweleza kwa nini. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na ule wa mkuu wenu umeuondoa?" Nikasema umeondoka. Akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Hakuongeza neno, nami nikaelewa kwamba sikuwa wa kwanza. Aliandika mistari mitatu. Mmoja unasema kwamba kwa miaka yote aliyokagua vitabu vyangu hakuwahi kukuta vocha isiyo na kiambatisho. Kwa mhasibu, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Siku ulipotokea ndipo nikaweka matokeo yangu ya CPA, miezi minane baada ya kuyapata, na dada akawa wa kwanza kunipongeza.

Desemba tukakutana uso kwa uso. Wahasibu tuna mkutano wetu wa mwaka, Bunju, na taaluma yetu ni ndogo, nilijua siku hiyo itafika. Alikuwa amesimama na watu wawili karibu na meza ya chai. Nilimwamkia kwa sababu ni mkubwa kwangu na sikutaka kumpa cha kusema. Aliitikia, kisha akauliza kwa sauti ya wote kusikia, "Mbona siku hizi LinkedIn hupatikani?"

"Nilikuzuia, mzee," nikamjibu, kwa sauti ile ile.

Wale wawili wakatazama vikombe vyao. Yeye akaanza kugeuza geuza kadi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. Nikachukua chai yangu nikaingia ukumbini, mada ya kodi ilikuwa imeshaanza.