Miaka minne ya matangazo ya shule ya bweni: uzoefu wangu kama mzazi

Januari ikikaribia, watu wa mtaani kwetu hunijia na swali moja: "Fundi, ile shule aliyosoma binti yako, vipi?" Wanataka kusikia ufaulu, chakula na ada. Hayo nawajibu, lakini siku hizi naanza na jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: shule inakupaje habari? Mtoto akishaingia bweni hana simu, ni marufuku, na wewe mzazi unabaki na simu yako tu. Ikinyamaza, hujui kama mkutano umesogezwa, kama likizo imebadilishwa, kama mtoto anaumwa. Ikipiga kelele mno, hujui vilevile.

Kwa hiyo tathmini hii haihusu walimu wala maharage. Inahusu taarifa kwa wazazi, huduma ambayo nahesabu kwamba niliilipia ndani ya ada kuanzia binti yangu alipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 2022 mpaka alipomaliza cha Nne mwaka jana. Shule yenyewe siitaji. Ni ya binafsi, ya wasichana, mkoani Morogoro. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Simu yangu hukaa mfukoni mwa ovaroli pamoja na vumbi la mbao, na naishika mara nne au tano kwa siku. Mnielewe kuanzia hapo.

Tulianza vizuri, kwa karatasi. Maelekezo ya kujiunga yalikuwa kurasa kumi na moja na hayakuacha kitu: godoro la futi mbili na nusu, ndoo mbili zenye mifuniko, fyekeo, ufagio wa chelewa, rimu ya karatasi, rangi ya mashuka, siku ya kuripoti, na siku ambayo ikipita nafasi inakwenda kwa mwingine. Tranka nilitaka nimchongee la mbao. Akakataa, eti atachekwa. Nikanunua la bati. Nikajiambia kwamba hawa watu wanajua kueleza, nitakuwa na amani.

Kisha tukaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Sitaki kuonekana mtu wa zamani. Kundi lina faida zake: picha za michezo, picha ya bweni jipya, mzazi wa Kimara anayeuliza nani ana nafasi kwenye gari Jumapili. Lakini tulikuwa wazazi zaidi ya mia mbili na kila mmoja ana mdomo. Asubuhi zinaanza salamu na maua, zinafuata dua, linafuata tangazo la mtu anayeuza vitenge, zinakuja pole za msiba, na katikati ya hayo mwalimu wa taaluma anabandika barua iliyopigwa picha imeinama, herufi hazisomeki. Anayechelewa kufungua kundi kwa siku mbili anakuta ujumbe mia tatu. Nani atasoma? Nilikuwa nateleza mpaka chini, nikiona "Amina" nyingi najua kuna msiba, nikiona "Hongera" nyingi najua kuna matokeo.

Nimefika kwenye kisa ambacho mke wangu hunikumbusha kila akipika pilau.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mnakumbuka, Dar es Salaam ilikumbwa na macho mekundu. Shule ikafanya uamuzi ambao mimi mwenyewe ningeufanya: ikasimamisha siku ya kutembelea wanafunzi ili tusiwapelekee ugonjwa bwenini. Tangazo likawekwa kwenye kundi Ijumaa jioni. Lakini kundi zima wiki hiyo lilikuwa linazungumzia macho hayohayo. Mmoja anasema maji ya chumvi, mwingine majani fulani, mwingine tangawizi, mama mmoja anawaonya wasijitie vitu machoni waende hospitali, wanamjia juu. Tangazo la shule likazama humo kama msumari kwenye maranda.

Jumapili mke wangu aliamka saa tisa usiku akapika pilau na kuku. Mimi nikaondoka alfajiri mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi, hotipoti mapajani, mfuko wa sabuni na pedi miguuni. Karibu kilomita 200. Nafika getini saa nne na nusu, namkuta mlinzi amekaa na wazazi wengine wanane wamejikunyata kivulini. Mlinzi akaniangalia hotipoti, akanisalimu vizuri, akasema, "Mzee, na wewe hukusoma?"

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuiandika. Mama mmoja alikuwa ametoka Tanga tangu Jumamosi, amelala kwa ndugu Chalinze. Alikuwa na simu ya kitochi isiyo na intaneti, kundi la WhatsApp hajawahi hata kuliona.

Matroni ndiye aliyetuokoa. Alikuja getini, akapokea mifuko kwa majina, kisha akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Akawaita watoto wetu, mmoja mmoja, mpaka upande wa pili wa uwanja wa netiboli, wakiwa na mwalimu wa zamu mwenye simu. Tukaongea nao kupitia simu ya matroni, dakika mbili kila mtu. Namsikia binti yangu sikioni na namwona kwa mbali ananipungia mkono, sauti inachelewa kidogo kuliko mkono. Aliniuliza kama nimeleta pilau. Nikamwambia nimeleta, ila mambo ya kupikwa hayaingii leo. Akacheka, nami nikashindwa kucheka. Pilau tuliila chini ya mwembe, wazazi tisa na walinzi wawili.

Mkutano wa wazazi uliofuata ulikuwa moto. Kwa kawaida mikutano ile ni mirefu na ya kupigiwa makofi: taarifa ya taaluma, taarifa ya mhasibu, mengineyo, chakula. Safari hii "mengineyo" yalianza kabla ya taaluma. Yule mama wa Tanga alisimama akasema maneno machache tu, kwamba yeye ada analipa kama wenye simu kubwa. Mkuu wa shule hakujitetea. Na hapa naanza kuisifia shule, maana yaliyofuata hayakuwa ahadi za mkutanoni, yalifanyika.

Waliligawa kundi mara mbili. Moja la soga, lenye maua na vitenge, anayetaka abaki. La pili la matangazo, walimu peke yao ndio wanaandika, sisi tunasoma tu. Kila tangazo lenye tarehe ndani yake likawa linatumwa pia kwa SMS ya kawaida, kwa namba mbili kwa kila mwanafunzi. Namba yetu ya pili tukaandika ya shangazi yake anayekaa Morogoro mjini, mwenye kitochi chake cha miaka. Kuanzia hapo shangazi akawa anajua mambo ya shule kabla yangu, akawa ananipigia kunitangazia kwa sauti ya mtu wa redio.

Ile SMS ndiyo bora kuliko yote niliyoyaona kwa miaka minne, na sababu yake ni ufinyu. SMS moja inabeba herufi 160, ikizidi hapo inahesabika kuwa mbili na gharama inapanda. Kwa hiyo mwalimu halazimiki kuambiwa afupishe, bajeti inamfupisha. Hakuna "uongozi wa shule unayo furaha kubwa kuwataarifu". Kuna siku, saa, nani anahusika, aje na nini. Nilikuwa naisoma nikiwa na randa mkono mmoja.

Kitu cha tatu ni kalenda ya muhula, karatasi moja ya A4 anayorudi nayo mtoto shule ikifungwa, pamoja na ripoti yake. Niliibandika karakana, kando ya orodha ya oda za wateja. Kufungua Julai, likizo fupi ya Septemba, mkutano wa wazazi, mahafali, mitihani ya Taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne Novemba, kufunga Desemba, na pembeni tarehe za awamu za ada. Kilichonifurahisha ni kialama cha nyota. Tarehe zenye nyota ni zile ambazo shule haina mamlaka nazo: mtihani wa majaribio (mock) wa mkoa na mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Chini wameandika kwamba hizo zinaweza kusogea. Basi. Mtu anajua ipi aikatie tiketi mapema na ipi aisubiri. Mimi niliwahi kumkatalia mteja kabati la harusi kwa sababu ya karatasi ile, nikamwambia Jumamosi hiyo nina mahafali, na alinielewa kwa kuwa nilimwambia miezi mitatu kabla.

Na tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, kujua tarehe mapema kumekuwa na maana zaidi. Kwa shilingi 13,000 daraja la kawaida nilikuwa nafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, lakini siku za kufunga na kufungua shule ukichelewa kukata tiketi unarudi Mbezi kugombea basi na watoto wenye magodoro.

Sasa kasoro, maana zipo.

Ya kwanza ni saa. Tangazo la mahafali yao mwaka jana lilisema: "Mahafali ni Jumamosi 8:00. Wazazi wote mnakaribishwa." Mke wangu alisoma akaniuliza, "Saa nane ya nani?" Akampigia matroni. Kumbe aliyeandika alinakili kutoka kwenye barua ya Kiingereza, alimaanisha saa mbili asubuhi. Tuliwahi. Baba mmoja aliyetoka Njombe aliingia saa nane mchana kamili, suti safi, zawadi imefungwa vizuri, akakuta maturubai yanashushwa. Neno moja tu, asubuhi, lingemwokoa. Na barua zenyewe kwa nini ziwe za Kiingereza? Watoto wanasoma kwa Kiingereza, sawa, lakini shangazi hasomi Kidato cha Tatu.

Ya pili ni mhasibu. Taarifa za ada hazikuwahi kuchelewa hata siku moja, hata zile zisizo za kweli. Niliwahi kulipa awamu ya tatu tarehe 4, tarehe 11 ikaja SMS kwamba mwanafunzi asiyemaliza ada atarudishwa nyumbani. Nikapiga simu nikaambiwa, "Puuza mzee, hatujaingiza malipo ya benki." Nipuuze vipi wakati ndiyo njia hiyohiyo mnayonitaka niiamini? Walirekebisha mwishoni, lakini walinipotezea usingizi.

Na ya tatu, matatizo ya mtoto mmoja mmoja hayana njia nzuri bado. Binti yangu alipougua malaria Kidato cha Tatu nilijua siku ya tatu, tena kwa shangazi. Matangazo ya wote yalikuwa yamenyooka, habari ya mtoto wangu peke yake ilitegemea matroni ana salio au hana.

Nitawapa nyota nne kati ya tano, na nyota ya nne waliipata kwa ujumbe mmoja. Wiki ile ya uchaguzi mkuu, kuanzia Oktoba 29 mwaka 2025, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Dar es Salaam tumejifungia ndani. Binti yupo Morogoro, wiki chache kabla ya mtihani wake wa mwisho. Makundi yote mawili kimya, ujumbe unatuma unabaki na tiki moja. Mke wangu haongei, anafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Siku ya pili jioni simu ikalia, SMS: "Wanafunzi wote wako salama shuleni. Msisafiri. Maandalizi ya mtihani yanaendelea. Mkuu wa Shule." Mke wangu aliisoma, akanipa simu, akaanua nguo.

Kabla ya mtihani kuanza walitutumia namba ya mtihani ya kila mtoto, kwa kuwa matokeo ya Kidato cha Nne hutolewa kwa namba, si kwa majina. Ni jambo dogo, lakini kuna mzazi jirani yangu ambaye mtoto wake alisoma kwingine, siku ya matokeo alishinda anatafuta jina.

Sasa ni zamu ya mdogo wake, wa kiume, hivyo lazima niende shule nyingine. Nimeshatembelea mbili. Ya kwanza walinionyesha maabara, bwalo na basi jipya. Nilipowauliza, "Siku ya kutembelea ikiahirishwa Ijumaa jioni, mimi nitajuaje?" yule mwalimu akajibu, "Tuna kundi zuri sana la WhatsApp." Ya pili waliniomba namba mbili za simu kabla hata sijakaa. Bado natafakari, maana hii ya pili ada yake iko juu.

Namba yangu ile shule ya zamani hawajaifuta, na mimi sijawaomba waifute. Juzi niko karakana ikaingia SMS: siku ya kutembelea wanafunzi ni Jumapili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Wameandika na asubuhi. Nikamtumia mke wangu, akanijibu kwa kuuliza mchele aloweke kilo ngapi.