TAHADHARI: Muuza Bitcoin wa Sinza anayetuma saini ya mtu mwingine

Ndugu zangu, jambo hili nimekaa nalo siku nne bila kumwambia mtu, hata mke wangu. Leo naandika kwa sababu nimesikia jamaa bado anauza, na kuna mdogo wetu mmoja yuko mbioni kumtumia hela. Mwambieni asitume. Ni yule yule mwenye sauti ya upole, wa kwenye harusi. Mnamjua.

Ameondoka na shilingi 3,600,000 zangu. Zilikuwa za nini, mnajua pia.

Sikwenda kichwa kichwa. Mara ya kwanza nilinunua Bitcoin ya laki mbili tu, ikaingia kwenye pochi yangu ya simu ndani ya nusu saa. Bei yake haikuwa ya kutupa, ilikuwa bei ya soko na kamisheni ya kawaida, kwa hiyo hakuna kilichonishtua. Safari hii mzigo ulikuwa mkubwa na alitaka nitangulize hela, nikamwambia sawa, ila nithibitishie kwanza kwamba ile anwani uliyonionyesha ni yako kweli. Anwani ni kama namba ya akaunti ya Bitcoin, na hii ilikuwa ya zamani inayoanza na 1, ina Bitcoin nyingi ambazo hazijaguswa miaka. Mwenye ufunguo wa siri wa anwani, yaani nywila yake, ndiye pekee anayeweza kusaini maneno kwa anwani hiyo, na saini yenyewe ni mfuatano wa herufi ambao yeyote anaweza kuuhakiki. Nikampa na maneno ya kusaini: jina langu, tarehe ya siku ile, na kiasi tulichokubaliana.

Hapo nilikuwa sahihi kabisa. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu wataniambia sijui kitu.

Jumamosi saa nne asubuhi nimekaa na laptopu, chai imepoa mezani. Akatuma kupitia WhatsApp. Kila kitu kilikuwa kwa mpangilio wake: mstari wa juu wenye vistari vitano na neno BEGIN, chini yake maneno yangu, kisha anwani, kisha saini, halafu mstari wa END. Saini yenyewe herufi 88, inaanza na H, inaishia na alama ya sawasawa. Ndivyo saini ya anwani za aina ile inavyokuwa. Nikanakili, nikabandika kwenye Electrum, programu ya pochi ya Bitcoin, sehemu ya kuhakiki ujumbe. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa tena.

Nikampigia. Hakubabaika hata kidogo. Akasema, "Kaka, WhatsApp hiyo. Inakula nyota na kuzifanya herufi nene, na simu nyingine zinageuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Na wewe angalia usiwe umeacha nafasi mwishoni mwa mstari."

Jamani, maneno hayo ni ya kweli! Hapo ndipo aliponimaliza. Programu haisaini maneno kama sisi tunavyoyasoma. Inayachukua herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, inayatangulizia maneno yake ya kudumu ili saini isije ikatumika kama muamala, kisha inayasaga yote kuwa namba moja, na namba hiyo ndiyo inayosainiwa. Ukiongeza nafasi moja tu, namba inabadilika yote na saini inakataa. Mimi mwenyewe mwaka jana nilihangaika jioni nzima kwa sababu ya mstari mtupu mmoja mwishoni. Kwa hiyo aliposema vile nilimsikia kama mtu wa fani, mtu aliyepitia nilikopitia.

Akasema, "Ngoja nikutumie kwa faili la maandishi, na nitumie ujumbe wangu wa kawaida usio na alama alama, ule ninaowapa wateja wote."

Likaja faili. Ujumbe wa Kiingereza, mstari mmoja: anwani hii ni yangu na mimi ndiye ninayeimiliki. Basi. Jina langu hamna, tarehe hamna, kiasi hamna. Nikabandika, nikabonyeza, ikakubali. Nakumbuka nilivuta pumzi na kujiegemeza kwenye kiti. Nikatuma 1,800,000, nikasubiri ujumbe wa uthibitisho, nikatuma 1,800,000 nyingine. Saa tano na robo picha yake ikapotea. Ujumbe wangu una tiki moja mpaka leo.

Usiku ule nikauchukua ule mstari wa Kiingereza nikautafuta mtandaoni. Upo! Uliandikwa 2017 na mtu mwingine kabisa, na anwani ile ile, na saini ile ile herufi kwa herufi. Mwenye anwani aliusaini kwa shida zake mwenyewe, huyu mwizi akauokota. Saini ni halali kweli, programu haikudanganya. Ilichosema ni kwamba aliyekuwa na ufunguo wa siri wa anwani ile aliwahi kuandika maneno yale. Nani, lini, na alikuwa akimwambia nani, hilo programu hailijui.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyewasimulia habari ya Craig Wright, aliyetoa saini mwaka 2016 akitaka dunia iamini kuwa ndiye Satoshi, yule mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana, kumbe saini ilishakuwepo kwenye daftari la wazi la miamala ya Bitcoin tangu 2009. Na mwaka 2020 wenye anwani 145 alizodai mahakamani kuwa ni zake walipotaka kumuumbua, walisaini ujumbe uliomtaja kwa jina na kumwita mwongo. Jina lake likiwa ndani ya ujumbe, hakuna wa kusema ni saini ya zamani iliyookotwa. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani na bado nikakubali maneno ambayo si yangu.

Huyu mtu akamatwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na ulaghai wa kutumia kompyuta umo ndani yake. Najua wengi mnaogopa kwenda polisi kwa sababu Benki Kuu ilishatangaza 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na yeye anaitegemea hofu hiyo, ndiyo maana anatupiga sisi kwa sisi. Mimi Jumatatu nakwenda. Atafutwe, laini yake ifungwe, arudishe hela, na alale ndani. Wanaomkaribisha kwenye shughuli zetu nao wajieleze.

Kwa yule mdogo wetu: kama amekwisha kukutumia saini, angalia kama maneno ni uliyompa wewe, na tarehe ya leo imo. Akianza habari ya nyota na vistari, mpe maneno mapya, herufi ndogo tupu na tarakimu, mstari mmoja, bila alama yoyote, asaini hayo hayo. Akitoa "ujumbe wa kawaida", funga simu. Nahisi hata ile saini ya kwanza iliyokataa aliibuni tu, alichapa herufi ovyo ili apate pa kuanzia.

Mwenye mazungumzo naye, sauti au namba nyingine anazotumia, asifute. Anitumie kabla ya Jumatatu asubuhi.