Ofisi ya vibali vya ujenzi: simu yao nyota moja, dawati la ushauri nyota tano

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kujenga kibanda cha stoo nyuma ya nyumba na anaona kama nilivyoona mimi, kwamba kibanda ni kibanda tu, unanunua mbao na mabati unaita fundi basi. Huduma za ofisi yetu ya vibali nimezitumia mara mbili kwa kibanda hicho hicho, mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili nikaenda mwenyewe, na ni kama nilienda ofisi mbili tofauti.

Nianze na simu. Nilipiga nikaeleza nataka stoo ya mbao, mita 3 kwa 4, ya kuweka mashine ya kukatia majani na baiskeli za watoto. Aliyepokea akauliza ukubwa tu, nikamwambia mita za mraba 12, akasema hiyo iko chini ya kiwango, haihitaji kibali cha ujenzi, asante kwa kupiga. Dakika mbili hazikufika. Nikafurahi kweli, wiki ile ile tukamwaga zege la msingi, sentimita 60 kutoka kwenye uzio maana sikutaka kuwapunguzia watoto uwanja wa kuchezea.

Siku chache tu barua ikaja. Msingi uko karibu mno na mpaka, kwetu pembeni unatakiwa uache mita 1.5, halafu kona moja imekaa juu ya ukanda wa bomba la majitaka na pale huruhusiwi kujenga kitu cha kudumu. Nikapiga tena simu, naambiwa ni kweli kibali hukuhitaji lakini masharti ya mipango miji bado yanakuhusu. Hapo ndo niliumia jamani. Sikudanganywa, nilipewa nusu ya jibu, na ile nusu nyingine nimeilipia mimi, zege lote tumelivunja kwa nyundo mimi na shemeji yangu wikendi nzima, vifusi tunabeba kwa toroli mpaka mikono imetoka malengelenge.

Baada ya hapo nikaenda dawati la ushauri, lile la kuongea nao kabla hujaomba chochote. Foleni ndefu, viti vichache, mfumo wa namba unagoma kila saa, hayo nayapita. Dada aliyenihudumia hakuanza na ukubwa kabisa. Aliomba ramani ya kiwanja, akaitandaza mezani, akachukua penseli na rula ya skeli akaanza kuniuliza: mpaka wako unaujuaje, kwa uzio au kwa bikoni, yaani zile alama za wapima ardhi kwenye kona za kiwanja? Ardhi imelala au ina mteremko? Utavuta umeme? Kuna mtu atalala humo? Maji ya paa yatamwagika upande gani?

Swali la uzio pekee lilitosha kulipa nauli yangu. Mimi miaka yote nahesabu uzio ndo mpaka, kumbe tulivyoenda kutafuta bikoni na kufukua majani tukakuta uzio umepita sentimita 20 nje, upande wa jirani. Yaani hata ningeacha mita 1.5 nikipima kutoka kwenye uzio bado ningekuwa na kosa, na kesi ya jirani juu.

La mteremko nalo watu wengi hawalijui. Urefu wa kibanda unapimwa kutoka ardhini, sasa ardhi ikiwa imeinama lazima ujue wanapima kutoka upande gani, wa juu au wa chini, maana tofauti inaweza kukuvusha kiwango bila kuongeza hata ubao mmoja. Alinichorea pembeni ya karatasi, kibanda kile kile, mistari miwili ya kupimia, nikaelewa palepale.

Kuhusu kulala akanieleza vizuri kwamba siku mtu akiweka kitanda humo jengo limebadilika matumizi, linaanza kuulizwa mambo ya moto, madirisha, hewa. Na umeme una kibali chake peke yake hata kama kibanda chenyewe hakihitaji.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa kusoma wenzetu wanafanyaje, kila mahali wana namba zao. Marekani zile kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba za makazi zinasamehe kibali kwa kibanda cha ghorofa moja kisichozidi futi za mraba 200, kama mita 18.6 za mraba, ila California wanatumia 120, ambayo ni kama 11. Kibanda changu cha 12 kingepita kwenye ile ya kwanza, California kingekwama. Na kanuni hizo hizo za mfano zimeandika kabisa kwamba kusamehewa kibali sio ruhusa ya kuvunja sheria nyingine, ndo sentensi niliyopaswa kuambiwa kwenye simu. Uingereza ukiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani kibanda kisizidi mita 2.5 kwenda juu, na wanapima kutoka sehemu ya ardhi iliyo juu zaidi kando yake. Kikiwa na sakafu ya mita za mraba 15 mpaka 30 na hakuna wa kulala, ili kisamehewe kanuni za ujenzi inabidi kiwe angalau mita 1 kutoka mpakani, au kijengwe kwa vitu visivyoshika moto kirahisi. Hapo utaona umbali wa mpakani haukuwekwa kusumbua watu, moto wa stoo yenye petroli ya mashine unaruka kwa jirani haraka sana.

Kwa hiyo ushauri wangu ukienda au ukipiga simu usiulize "nahitaji kibali?" peke yake. Uliza niache umbali gani kila upande, urefu mwisho ngapi na unapimwa kutoka wapi, kuna bomba au nyaya zinapita kiwanjani, na vibanda nilivyonavyo vinahesabiwa pamoja na hiki? Hilo la mwisho mimi sikuulizwa kwenye simu na nina banda la kuku kule nyuma, dada wa dawati akalijumlisha. Omba majibu kwa maandishi, mimi nilipewa karatasi moja yenye mchoro na muhuri na ndo fundi anaifuata sasa hivi.

Nyota: simu moja, dawati tano. Kwenye fomu ya maoni nimewaandikia waweke maswali ya yule dada kwenye karatasi pale kwenye simu, yako matano tu, na yanasomwa chini ya dakika moja. Kibanda kimesimama, mita 1.5 kutoka kwenye bikoni, paa bado. Kibali cha umeme nimeomba, nikijibiwa nitarudi hapa kusema kimechukua muda gani.