Viatu vya mtoto asiyetembea: uzoefu wangu hapa Jinja, Uganda

Binti yangu alikuwa na viatu vingi kuliko baba yake kabla hajajua hata kukaa. Huku Walukuba mtoto akizaliwa, majirani na wakwe huleta sabuni, vitenge na unga wa uji wa mzazi, na hakosi mmoja wa kuleta viatu. Ukimtoa mtoto miguu mitupu, hufiki mbali kabla hujaulizwa, "Mama, huyu mtoto viatu vyake viko wapi?" Anayeuliza mwenyewe pengine amevaa sapatu zilizokatika kamba. Basi tumevijaribu vya aina kadhaa, vingine vya zawadi, vingine kwa pesa yetu, tangu akiwa wa kubebwa mpaka sasa anapofukuza kuku uani. Kwa mwenye haraka: asiyetembea hahitaji viatu. Anahitaji kukingwa baridi tu, na kinga hiyo si lazima iwe na soli.

Vya kwanza vilitoka kwa shangazi yake. Raba nyeupe, soli nene, taa za kuwaka kisigino kikigonga chini, na kifilimbi ndani cha kulia pii kila hatua. Mwenye viatu hakuwa amefika kwenye hatua, kwa hiyo taa hazikuwaka na filimbi ilinyamaza, isipokuwa pale kaka yake alipovichukua na kuvigonga sakafuni saa nane mchana wakati nimejilaza. Vilimpendeza, sitadanganya, na picha za Idi zilitoka vizuri.

Kazi ilikuwa kuvivisha. Mguu wa mtoto wa umri ule umeumuka juu kama andazi, kisigino ni kidogo hakishiki kitu, na vidole hujikunja mara tu vinapoguswa. Unasukuma, unadhani umeingia, kumbe vidole vimekunjamana mbele na mtoto hana maneno ya kukueleza. Analia, unamnyonyesha, bado analia. Nikazoea kuvipapasa vidole kwa juu ya kiatu kabla sijafunga kamba. Soli nayo niliijaribu kuikunja kwa mikono yangu miwili, ikagoma. Sasa mguu ule laini uikunje kwa nguvu gani?

Na ni laini kweli. Sehemu kubwa ya mifupa ya mguu wa mtoto mchanga bado ni gegedu, yaani mfupa laini usiokomaa, na hugeuka mfupa kidogo kidogo kwa miaka. Unyayo unaonekana bapa kwa sababu chini yake kuna tabaka la mafuta. Ule upinde wa mtu mzima hujijenga polepole utotoni, mguu unapofanya kazi yake. Mama mkwe alikuwa na hakika kwamba kiatu kigumu humnyoosha mtoto mguu na kumzuia asiwe na unyayo bapa. Ni imani ya wengi, na wauza viatu hawana sababu ya kuipinga. Lakini chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri kwamba mtoto hahitaji viatu mpaka aanze kutembea nje. Na huko India, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliangalia watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13: waliokuwa wakivaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na unyayo bapa. Wasiovaa, asilimia 2.8. Hao ni watoto wanaotembea, si wa kubebwa, na sikuutumia kumshinda mama mkwe. Nilimwambia tu, "Mama, hata kliniki wanamvua viatu kwanza," akacheka. Ni kweli lakini: siku ya chanjo ya surua, akiwa na miezi 9, nesi aliniagiza nimvue kila kitu apande mizani, na viatu ndivyo vilivyotuchelewesha foleni.

Raba zile zilinikatisha tamaa kabisa alipoanza kusimama dede. Sakafu yetu ni sementi iliyosuguliwa. Akivaa raba, anashika kiti, miguu inateleza inaachana, anakaa kwa kishindo. Nikimvua, unaona vidole vinatanuka na kung'ang'ania sakafu, visigino vinapanda na kushuka, anatafuta mizani mwenyewe. Mtoto anayejifunza kusimama anapata habari nyingi kwa unyayo: hapa pana baridi, hapa pana mkeka, hapa pameinama. Soli nene inamziba. Jozi hiyo siipendekezi kwa asiyetembea, hata ikiwa ya bure. Kimoja kilidondoka tukiwa kwenye boda boda, sikukirudia.

Tulizonunua wenyewe ni ngozi laini, zile zenye lastiki kisiginoni na soli ya ngozi nyembamba, kutoka duka moja la nguo za watoto Kampala. Shilingi 45,000 za Uganda. Baba yake aliuliza kama kuna na vya kwake ndani ya bei hiyo. Nilizitaka kwa sababu moja: soksi hazikai mguuni. Mtoto anapiga mateke mgongoni, unashuka kwenye teksi na soksi moja, nyingine imeenda Iganga na abiria. Zile za ngozi zilikaa. Zinakunjwa zikaingia kiganjani, kwa mbele ni pana kiasi cha vidole kulala vilivyo, na hazitelezi. Ubaya wake ni bei, na jasho. Adhuhuri ya Jinja mguu ukitoka humo umelowa, kwa hiyo tulizitumia asubuhi na jioni tu. Isitoshe mguu ulizipita kabla ngozi haijachakaa. Kwa mwenye uwezo ni kitu kizuri. Kwangu mimi ni soksi ya bei ghali yenye adabu ya kutochomoka.

Zilizonifaa zaidi kuliko zote ni buti za kufuma kwa uzi. Mama mmoja hapa mtaani hufuma akiwa amekaa barazani na biashara yake ya mkaa; shilingi 10,000, unachagua rangi, naye anaweka kamba ya kufungia juu ya kifundo. Jinja si Kabale ya milimani, lakini mvua ya Aprili ikipiga usiku kucha, asubuhi sementi ni baridi na upepo wa ziwani unaingia. Hapo ndipo buti za uzi zinapofanya kazi. Msiogope sana mtoto akiwa na vidole vya baridi, maana mikono na miguu ya watoto wachanga mara nyingi huwa ya baridi hata mwili ukiwa na joto la kutosha. Mguse kifuani au nyuma ya shingo, hapo utajua.

Buti za uzi zina mambo mawili ya kuangalia. Moja, akianza kusimama mvue, zinateleza kuliko raba. La pili ni zito zaidi, na halisemwi sana: geuza ndani nje kabla ya kumvisha, ukate nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi, au hata unywele wa mama, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakaza mpaka damu isipite. Mtoto akilia bila kunyamazika na huoni sababu, vua soksi uangalie vidole kimoja kimoja. Ukikuta kidole kimevimba na kuwa chekundu au cha zambarau kuanzia penye mstari uliokaza hadi nchani, usikae nyumbani, nenda naye kituo cha afya. Shanga na vifungo vya mapambo navyo nilivikata vyote. Mtoto wa umri huo anaweka mguu mdomoni, na kilicho mguuni kinafuata.

Mivumba, yaani mitumba, je? Owino, lile soko la Kampala, kuna mafungu ya viatu vya wachanga ya kila rangi, na utavipata vya ngozi laini kwa bei ya rolex mbili tatu, zile chapati za kukunjiwa mayai, ukijua kupatana. Muuzaji anavigeuza akuonyeshe soli: "Nyabo (mama), ona, hakijakanyaga hata chini, kipya kabisa!" Anasema kweli. Huko vilikotoka, Ulaya au Marekani, kuna mama mwingine aliyevinunua, mtoto akavaa kwa picha, mguu ukakua, vikafungwa kwenye belo. Mimi nikiona soli safi namna ile sioni ubora, naona kwamba hata huko havikuwa na kazi. Kwa asiyetembea, mivumba ya namna hiyo haina shida, ifue na uianike juani. Kwa anayetembea mimi sinunui, kwa sababu kiatu kilichotembelewa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, upande mmoja umelika, na mtoto wangu ataanza kutembea kwa mwendo wa mtu mwingine.

Sasa, sisi wa Jinja tuko eneo la Busoga, na najua swali linalokuja. Funza je? Mwaka 2010 funza walisumbua sehemu hii kiasi kwamba habari zilifika nje ya nchi na vifo vikaripotiwa. Si mzaha. Lakini fikirieni mtoto anayetambaa: kinachogusa udongo ni magoti, viganja na makalio. Funza jike anaingia popote ngozi inapokaa kwenye vumbi lenye funza, na viluwiluwi vya safura navyo hupenya ngozi ya mkono sawa na ya mguu. Ukimvisha viatu mtoto kisha ukamwachia atambae uani, umefunika sehemu ndogo kuliko zote. Kinachomlinda huyu ni mkeka au turubai safi, sakafu iliyofagiliwa na kunyunyiziwa maji vumbi likae, mbwa na nguruwe wasilale wanapochezea watoto, na kumkagua jioni unapomwogesha. Sisi tulinunua turubai la shilingi 15,000. Katika vyote nilivyovitaja, hilo ndilo pesa yake imerudi.

Hesabu inabadilika siku anapotembea nje. Hapo mimi si mtu wa miguu mitupu tena. Mitaa yetu ina vipande vya chupa, misumari ya mafundi, mifuniko ya soda, na ardhi ya saa saba inachoma. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu 18, hivyo kama wa jirani ana miezi 11 anakimbia na wako anakaa tu, usikimbilie duka. Wa kwangu alichukua muda wake, na viatu vyake vya kwanza vya kazi tulivinunua alipoweza kuvuka uani bila kushikwa.

Tulivipata soko kuu la Jinja: kandambili za mtoto zenye mkanda nyuma, soli inakunjika mbele penye vidole lakini si katikati, na bandiko la kunata badala ya kamba. Shilingi 12,000 baada ya kubishana. Muuzaji alitaka nichukue namba kubwa, "atakua navyo, nyabo." Nilikuwa nimemsimamisha mtoto juu ya kipande cha boksi nikachora miguu yote miwili kwa kalamu nikakata. Nikakitia kile kipande ndani ya kiatu, nikabakiza nafasi ya upana wa kidole changu kidogo mbele, si zaidi, maana kikubwa mno kinamkwaza. Miguu haikulingana, tukafuata mkubwa. Ndani ya nyumba anavivua mlangoni kama sisi sote, na kipimo cha boksi nakichora upya kila baada ya miezi miwili hivi. Muuzaji ameahidi kwamba nikirudi na hivi vikiwa havijakatika atavichukua na kunipunguzia bei ya namba inayofuata. Tumeshapatana 5,000.