Betri ya Cessna 172: kwa nini nimeachana na ya maji

Ndege yangu ni Cessna 172M ya mwaka 1975. Umeme wake ni wa volti 14, kwa hiyo betri ni ya volti 12. Naanzia hapo kwa sababu mwenzangu mmoja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nusura aagize isiyomfaa: kuanzia modeli ya 1978, 172 zilikuja na umeme wa volti 28 na betri ya volti 24, na ukizitazama kwa nje huoni tofauti.

Betri niliyoitoa ilikuwa ya maji, ile ya kufungua vifuniko na kuongeza maji. Ilinizimikia Manda, uwanja wa ndege wa Lamu. Nilikula mchana, nikarudi kwenye jua kali, nikabonyeza stata, propela ikafika nusu mzunguko ikasimama. Kijana mmoja akajitolea kuizungusha kwa mkono nikamkataza kabisa. Propela inaua. Halafu, hata injini ingewaka, maana magneto, zinazotoa cheche za injini, hazitegemei betri, alteneta yangu, inayozalisha umeme injini ikiwaka, haiamki bila umeme kidogo wa betri. Ningepaa bila redio, bila transponda inayonionyesha kwenye rada, bila flapu, vibao vya nyuma ya mbawa vya kusaidia kutua.

Injinia wangu akanielekeza kwa simu jinsi ya kuifungua. Nikaizungushia leso, tukaivusha kwa boti hadi Lamu mjini kwa fundi wa injini za boti, ilale kwenye chaja. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo. "Mama, ishike wima, isilale!" nahodha akaniambia, na kweli niliikumbatia njia nzima. Asubuhi ndege iliwaka. Leso niliifua nyumbani, ikatoka na matundu saba. Asidi iliyotoboa leso ndiyo niliyoikuta baadaye chini ya sanduku la betri, kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini: rangi imevimba, aluminiamu ya sanduku imegeuka unga mweupe. Kupasafisha kwa bikaboneti, kupakwangua na kupaka rangi upya kulitula siku mbili.

Kwa hiyo safari hii nilichukua betri ya kampuni ya Concorde, RG-25XC. Imefungwa kabisa, asidi yake imenywewa na nyuzi za kioo katikati ya vibao vya risasi, haimwagiki wala haiongezwi maji. Bei iko juu kuliko ya maji, na uzito ni kilo 10 na ushee, hapo hupati nafuu yoyote.

Kwenye uzito lithiamu ndiyo inayotia tamaa. Kampuni ya EarthX wanayo iliyoidhinishwa kwa ndege isiyofika hata kilo 3, na niliifikiria wiki nzima. Lakini tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo ndani ya ndege za abiria, kwa njia ya anga lazima zije kwa ndege ya mizigo. Nikikwama, sitaki kungoja hivyo. Tena ndege yako ni lazima iwe kwenye orodha ya zilizoidhinishwa kuifunga, na regyuleta, kidhibiti cha volti, iwe sawasawa. Mwenye ndege inayohesabiwa kila kilo aitazame vizuri. Mimi hubeba watu wawili na mabegi.

Kununua nako kuna mtego. Muuzaji wa kwanza aliniletea betri mpya kwenye boksi, safi, lakini tarehe ya kutengenezwa ilionyesha imekaa ghalani zaidi ya miaka miwili, na hakuna aliyeweza kuniambia ilichajiwa lini. Nilimrudishia. Betri ya risasi inajimaliza yenyewe hata ikiwa rafuni, na joto linaiharakisha. Soma tarehe kabla hujalipa, na udai cheti cha kipuri, ile fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani. Anayekuambia weka ya gari, volti ni zilezile, usimsikilize: haijaidhinishwa, na mtetemo wa ndege haukufikiriwa ilipoundwa.

Nina mwaka na miezi minne nayo. Asubuhi za Julai pale Wilson, baridi ya mita 1,690 juu ya bahari, stata inazunguka kwa nguvu bila kusitasita. Kwenye ukaguzi wa mwaka injinia aliitoa, akaichaji ikajaa, kisha akaipima kwa mzigo wa ampea 24, ambao betri kamili huubeba saa moja, hadi ikashuka volti 10. Ikifika dakika 48, yaani asilimia 80 ya saa moja, inaruhusiwa kurudi kwenye ndege. Nilikaa kando yake na saa mkononi. Ilikwenda dakika 57.