Maziwa ya Mwanangu Yalimwagwa Kaunta: Uzoefu Wangu wa Kuruka na Watoto kutoka Kigoma

Nimechelewa kuandika haya nikisubiri hasira ipoe, lakini haijapoa. Miezi kadhaa iliyopita nilisafiri kwa ndege na wanangu wawili kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam, kumfuata mama yao aliye masomoni, na ugomvi wangu na kampuni iliyotusafirisha hauhusu nauli wala kuchelewa. Unahusu chupa moja ya maziwa.

Aliyewahi kuruka na mtoto mdogo anajua kwamba kazi kubwa ipo masikioni. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa ndani yake huongezeka, na ule mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua hauna budi kufunguka, la sivyo ngoma ya sikio husukumwa ndani na kuuma. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo, yakaisha. Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye mrija wake ni mwembamba zaidi, huwezi kumwambia ameze. Unampa kitu anyonye, tena unamwamsha mapema, kwa kuwa aliyelala humeza mara chache. Kaka yake wa darasa la kwanza nilimfundisha hayo nyumbani Gungu jioni nyingi, tukipanga viti sebuleni na kujifunga kanga viunoni kuwa mikanda, mpaka akawa anamwelekeza kila mgeni namna ya kumeza mate. Pangaboi za ndege nazo nilimwambia zitanguruma sana, asiogope.

Tulipofika kaunta, mwanangu alimwamkia mhudumu, "Shikamoo." Hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye chupa iliyochomoza begini.

"Maziwa hayapandi ndege. Kamwage pale."

Nilimweleza kwa upole kwamba ni ya mtoto, atayanywa wakati wa kutua.

"Mama yake yuko wapi, amnyonyeshe? Mwanaume mzima unasafirije na kitoto kama hiki?"

Waliokuwa nyuma yetu walisikia, na wengine wakacheka. Nilipojaribu tena, aliniambia kama sitaki kumwaga nipishe foleni. Nikafungua chupa, nikayamimina maziwa kwenye ndoo ya taka, na mwanangu, aliyekuwa amesimama kando yangu, akaniuliza, "Baba, sasa mdogo wangu atameza nini?"

Hatua chache mbele, mkaguzi wa mizigo aliinua chupa tupu akashangaa mtoto anasafirije bila maziwa. Kumbe ukaguzi wenyewe haukuwa na katazo lolote! Hata masharti makali ya safari nyingi za kimataifa, yanayozuia vimiminika vinavyozidi mililita 100, yameruhusu maziwa ya mtoto kwa kiasi cha kutosha safari. Katazo lile lilitoka kinywani mwa mtu mmoja aliyeudhika kumwona baba akilea.

Haki itendeke: wahudumu wa ndani ya ndege walikuwa watu wa aina nyingine kabisa. Dada mmoja, nilipomsimulia, alileta maji ya uvuguvugu na kijiko bila kuulizwa mara ya pili, akachutama kwenye njia akimbembeleza binti yangu. Kwa ajili yake nilidhamiria kuisifu kampuni hii. Lakini mtoto alimeza vijiko vichache tu, akaukataa mkono wangu, na tangu ndege ilipoanza kushuka hadi magurudumu yalipogusa ardhi alilia huku akilivuta sikio lake, wakati dawa yake ilikuwa imebaki kwenye ndoo ya taka Kigoma. Sifa zikaniishia.

Je, wazazi waikwepe kampuni hii? Nilitaka kusema ndiyo, ila kuwaingiza watoto wadogo kwenye treni kwa zaidi ya kilomita 1,200 za Reli ya Kati si ushauri mwepesi. Basi pandeni, lakini maziwa yenu msiyamwage; mwambieni aliye kaunta amwite mkubwa wake wa zamu, na foleni isubiri. Mimi nimepeleka malalamiko kwa maandishi katika ofisi yao ya mjini na sijajibiwa. Mpaka wanijibu, na mpaka yule mhudumu amwombe radhi mwanangu ambaye salamu yake hakuiitikia, nauli yangu hawaipati.